Kikombe Chekundu cha Pembea

Usiku ule wa kuamkia Idi nililala na harufu ya rangi mikononi, na usingizi wenyewe ukawa wa kujigeuzageuza. Pembea yangu ilikuwa tayari uwanjani. Safari hii nilikuwa nimeiunda upya: jukwaa la duara linalozunguka, na juu yake vikombe sita vya bati vya kukaa watoto, kila kimoja kikijizungukia chenyewe kwenye mhimili wake. Kile chekundu kilikuwa kimepasuka mhimili siku chache nyuma. Nilikichomelea mwenyewe, nikapaka rangi juu ya kovu, nikamwambia mume wangu kimepona. Uhakika sikuwa nao.

Usingizi uliponichukua nikamwona Mjomba Hamadi, marehemu, aliyenifundisha kazi hii. Anakimbia kuzunguka nguzo, anasukuma pembea yake ya kwanza, ile ya farasi wa mbao. Mimi ni mtoto, nimempanda farasi aliyekatika sikio.

"Shikamoo, Mjomba."

Haitikii. Na alivyokuwa mkali wa salamu mtu yule!

Nikiangalia chini, farasi hayupo. Nimekaa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwa minyororo, pembea yake ya pili, ile iliyokuwa ikiturusha nje kadiri mwendo unavyozidi. Miguu yangu inapita juu ya mabati ya watu. Asubuhi ya Idi, kabla hajafungulia watoto, Mjomba alikuwa akipanda kila kiti yeye mwenyewe, na kitambi chake, magoti yamemfika masikioni, uwanja mzima hoi kwa kicheko. "Wacheni wacheke," alikuwa akisema. "Mtoto hapandi nisichopanda." Alipofariki nikaiacha desturi hiyo. Nilijitetea kwamba kizunguzungu hunishika hata nikigeuka haraka jikoni. Ni kweli, lakini kweli yenyewe nilikuwa nikiitumia kama kisingizio.

Minyororo inafupika, nimesimama chini, jua kali. Vikombe vyangu vinazunguka, vimejaa watoto wenye nguo mpya, na hakuna anayecheka. Natafuta breki, mkono unapapasa hewa. Mjomba yumo ndani ya chekundu, amebanana na wasichana wawili nisiowajua. Kila kikombe kinapopita mbele yangu ananitazama.

"Raya yuko wapi?" ananiuliza. Raya ni binti yangu, ana miaka saba.

"Yumo kwenye cha kijani, Mjomba."

Kikombe kinampeleka, kinamrudisha.

"Mbona hukumpandisha hiki?"

Jioni ile, kabla ya kulala, nilimvuta Raya pembeni nikamnong'oneza: chekundu usikipande, hata wenzio wakikuita. Sikumwambia mtu mwingine yeyote. Sasa Mjomba ananisubiri nijibu, naye tangu zamani alijua kusubiri.

"Wako umemkataza," akasema, bila hasira hata chembe. "Hawa nani awakataze?"

Wasichana wale wananitazama. Mmoja ana hina mbichi viganjani, ameshika ukingo wa kikombe kwa nguvu. Nataka kusema nimechomelea vizuri, nimekikagua mara mbili. Chini ya kikombe chuma kikaanza kulia. Nikapiga kelele, na kelele yangu mwenyewe ndiyo iliyoniamsha.

Kulikuwa kunapambazuka. Msikitini takbira zilikwisha kuanza, na jirani alikuwa akiwaita wanawe waje waoge wavae mapema wawahi pembea. Nilimtikisa mume wangu.

"Baba Raya, amka. Twende tukakifungue chekundu tukiondoe kabla watoto hawajafika."

"Si ulisema kimepona?"

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Raya peke yake ndiye niliyemwambia kweli."