Pa Kumpokelea Tuliyemzika

Likizo yangu ilikuwa imekubaliwa, tiketi ya ndege nilikuwa nayo, na bado sikujua nitalala wapi Fes. Huo ni mji wa Moroko. Watu wakiniuliza kazini nilisema naenda kutembea. Ukweli ni kwamba kaka yangu anaishi huko, kaka ambaye tulimzika miaka kumi na moja iliyopita. Au anaishi huko mtu mwenye sauti yake. Nitaandika yote mawili kila inapobidi, hata kama inachosha, maana sipendi kumsingizia mtu, awe hai au awe vipi.

Tulimzika hivi. Tulikuwa kambini Uganda, yeye akawa ametangulia kaskazini kutafuta maisha, na habari ikaja kwamba lori lao lilipotelea jangwani. Mama alingoja mwaka mzima. Mwishowe wazee wa kwetu wakasema asiyezikwa anachoka kutembea. Tukakata shina la mgomba lenye urefu wake, tukalivika shati lake la kanisani, tukalifunga shuka, tukalizika. Tulinyoa nywele, tukakaa matanga siku saba. Mimi ndiye niliyefunga vifungo vya lile shati. Shina lilikuwa bado linatoa maji, shati likalowa kifuani.

Mwaka jana, Jumapili jioni, simu ililia hapa Guildford, upande wa pili wa dunia tulikohamishiwa kutoka kambini, namba ndefu nisiyoijua. Sauti ikasema, "Kadogo, ni mimi." Ni yeye peke yake aliyeniita hivyo. Nililia sana siku hiyo, nikaongea sana, na niliyoyasema siyakumbuki vizuri.

Tangu hapo anapiga kila Jumapili, huko kwao ikiwa asubuhi. Picha haionekani, ni giza tu. Anasema kamera imevunjika. Simu yangu ya zamani nayo ilikuwa hivyo, kwa hiyo hilo silihesabu. Nyuma ya sauti yake maji yanadondoka, tone, halafu kimya kirefu, halafu tone. Anasema ni bomba. Siku moja alitusimulia jangwa. Alisema kuna wakati alilala chini, anasikia watu wanalia lakini mahali penyewe hapakuwa na mtu, na sauti yake ilipotea siku saba. Mama alinitazama. Mimi najua mtu mwenye kiu husikia mambo, tena siku saba ni wiki tu, kila mtu huhesabu kwa wiki. Lakini usiku ule Mama alilala na taa.

Sasa habari ya malazi. Niliyaangalia mapumzikoni, kazini Minto, kwenye ghala tunapopanga maboksi. Mwenzangu Mkenya ndiye anayejua mambo ya kubukingi, basi tulikaa naye juu ya mapaleti na simu yangu. Kulikuwa na hoteli mpya nje ya mji wa zamani, ghorofa nyingi, mlango wa kioo unaofunguka wenyewe. Na kulikuwa na riadi, ndivyo wanavyoziita zile nyumba za kizamani zilizogeuzwa za wageni, ndani kabisa ya vichochoro ambavyo gari haliingii.

"Dada, hii haina hata dirisha nje," alisema. "Hii ni nyumba ama ni sefu ya benki?"

"Madirisha yanaangalia uani."

"Na ngazi je? Magoti yako utayaacha huko utumiwe kwa posta. Hoteli iko na lifti, iko na AC, iko na bafe. Unakula mpaka unaomba msamaha."

Alikuwa na haki. Riadi ilikuwa nzuri kwa macho, vigae vya buluu, mbao zilizochongwa, lakini mgeni mmoja alikuwa ameandika kwamba alipotea saa nzima akiitafuta, na mwingine kwamba usiku unasikia kila mtu anavyokohoa. Hoteli ilikuwa safi na inafanana na hoteli zote. Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuitaka, ambayo sikumwambia mwenzangu. Nilikuwa nimewaandikia, nikauliza kama ndugu anaweza kupanda chumbani kunitembelea. Walijibu kwamba ataacha kitambulisho mapokezi. Nikafurahi. Nitaona jina lake na picha yake kwenye karatasi, mbele ya mtu wa tatu, chini ya taa kubwa.

Jioni nilimwonyesha Mama picha zote mbili. Mama hawezi kusafiri, nyonga yake imeshindwa, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekuwa macho yake. Hoteli aliitazama kidogo tu.

"Mlango unaomfungukia kila mtu haumjui mtu," akasema.

Akafika kwenye riadi. Katikati ya ua, chini ya tundu la mwanga, palikuwa na mgomba. Mmoja tu, umesimama kwenye chungu, mrefu kama mwanamume. Mama aliilaza simu kifudifudi mezani.

"Hawa nani kawaambia?"

"Ni pambo, Mama. Nimeangalia riadi nyingine, nyingi zina milimau. Lakini nimeona mbili nyingine zenye migomba."

"Ya kimo hicho?"

Sikuwa nimepima.

Ndipo aliponikumbusha jambo ambalo nililijua lakini nilikuwa nimeliweka mbali. Kwetu, mtu aliyeliliwa akiwa hai akirudi, haingii kwa mlango wa mbele. Mlango wa mbele ndio tuliomtolea. Anaingia kwa nyuma, na anauomba yeye mwenyewe bila kuambiwa, kwa sababu mwili unajua umeliliwa, miguu inakataa. Asiyeuomba, akaja kwa mbele anacheka kama mgeni wa arusi, huyo si wako. Ukimwambia mapema kwamba alizikwa, umeharibu, hutajua tena.

"Hatujamwambia," Mama alisema. "Basi tungoje atasemaje."

Jumapili ikafika. Kwa kweli nilikuwa upande wa hoteli bado. Niliweka simu mezani, sauti juu, Mama akiwa ameshika kikombe chake. Nilimweleza kaka jina la hoteli, barabara yake, jinsi atakavyonikuta chini pale kwenye viti. Tone. Kimya. Tone.

"Kadogo," akasema, "hiyo hoteli ina mlango wa nyuma?"

Chai ya Mama ilimwagika mapajani na hakuipangusa. Alifunika mdomo kwa kitambaa cha kichwani.

"Kwa nini, yaya?" niliuliza. Kwetu yaya ni mkubwa wako.

"Kwa mbele siwezi. Usiniulize."

Simu ilipokatika Mama alikuwa tayari anasali kwa furaha. Mimi niliosha kikombe, nikakiosha tena. Huenda kaka hana karatasi nchi ile, sijawahi kumwuliza. Mtu asiye na karatasi naye haendi kwa mbele, penye mlinzi na dawati, naye pia anauliza mlango wa nyuma. Tena kuna jambo baya zaidi, nalo ni langu. Ile simu ya kwanza, nilipolia vile, inawezekana nilimwambia. Inawezekana nilisema, "Tulikuzika, yaya, tulizika mgomba." Naisikia midomo yangu ikisema hivyo. Halafu najiuliza kama naisikia kwa sababu nilisema, au kwa sababu naogopa.

Nilifikiri kumficha Mama. Siku mbili nilijaribu. Jumanne nilitoka kazini, nikakaa naye jikoni, nikamwambia yote, habari ya karatasi na habari ya mdomo wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza.

"Nilimzaa mimi, na nikamzika mimi," alisema. "Nimeshamkosea mara moja kwa kufunga. Nikikosea tena, nikosee kwa kumfungulia. Andikia wale wa mgomba, uwaulize."

Niliandika. Mwenye riadi alijibu asubuhi yake. Alisema ndiyo, kuna mlango mdogo nyuma, wa kichochoro, zamani ulipitisha punda wa kuni. Haujafunguliwa miaka mingi, bawaba zimeshika kutu, lakini ataufungua kwa ajili yangu, hakuna shida. Hakuuliza kwa nini. Nikaiacha hoteli, nikachukua usiku nne kwake.

Ndege ni kesho kutwa. Jana Mama alinikalisha tena, akanishika vidole kimoja kimoja kama alivyonifundisha kuhesabu. Akipita mlangoni nisimkumbatie. Nisimpe mkono. Nimpe maji kwanza, glasi imejaa, nikae mbele yake anapokunywa, nimtazame kooni kama yanashuka.

"Na yasiposhuka?" niliuliza.

Mama aliniachia mkono. "Hapo ungali karibu na mlango," alisema, akainuka kutafuta fimbo yake.