Mashine Katikati ya Harusi

Jina alilopewa alipozaliwa walikuwa wakilijua mama yake na karani wa leseni tu. Wengine wote walimwita Mama Wino, na yeye aliitika bila kinyongo, maana wino ulikuwa umemganda kwenye kucha kwa miaka ishirini na mitano, tangu baba yake alipomwachia kiwanda cha uchapaji. Tunasema kiwanda kwa kukipa heshima. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa chuma, rafu za karatasi mpaka darini, na harufu ya mafuta ya taa isiyotoka hata ukipiga deki mara mbili. Humo Mama Wino alichapa kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi na matangazo ya misiba. Ukimpelekea kadi yenye kosa alikusahihishia bila kukuuliza, halafu akakusema mbele ya wateja.

Katikati ya chumba ilisimama mashine kubwa ya marehemu baba yake. Ilishakata roho zamani na vipuri vyake havikupatikana tena, lakini miguu yake ilikuwa imezamishwa kwenye zege, na hakuna aliyethubutu kuing'oa. Ilimfika mtu kifuani, na ubavuni ilikuwa na gurudumu la chuma lenye mpini wa kushika. Mama Wino aliipangusa vumbi kila Jumatatu, kisha akaendelea na kazi zake kwenye mashine ndogo iliyokuwa karibu na dirisha.

Mtu huyu wa wino na karatasi alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda maigizo kupita kiasi. Mjini hapo palikuwa na kikundi cha watu wenye kazi zao, waliokutana jioni kuigiza kwa raha zao. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyeitwa Mwalimu hata na wasiowahi kusoma kwake. Kila mwaka waliandaa mchezo mmoja wa kuchekesha, wenye nyimbo na kucheza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama Wino alijaribiwa miaka mitatu mfululizo. Sauti alikuwa nayo, tena ya kujaza ukumbi. Taabu ilikuwa miguu. Mguu wa kulia ukienda harusini, wa kushoto ulikwenda sokoni.

"Mama Wino," Mwalimu alimwambia mwaka wa tatu, "sauti mia kwa mia. Miguu sifuri. Wastani wako hamsini, na mimi hapa nachukua kuanzia sitini."

Kwa hiyo akapewa kazi ya kushika kitabu. Alikaa kwenye kiti nyuma ya pazia, pembeni, mchezo wote ukiwa mapajani, na mwigizaji akisahau alimnong'oneza maneno. Mwaka huo alikiazima kikundi na kiwanda chake pia kwa mazoezi, kwa sababu ukumbi wa mtaa ulikuwa na darasa la ushonaji kila jioni. Ungemuuliza, angekuambia ameridhika kabisa, kwamba yeye hata hapendi kutazamwa na watu. Mwongo mkubwa! Usiku alijifungia bafuni akaimba nyimbo zote za mchezo, za wanawake na za wanaume, akiishia na kuuinamia ukuta kama anayepigiwa makofi.

Sasa sikia alivyojitia kitanzi. Jumapili moja mama yake alimpigia simu kutoka mji wa jirani. Walizungumza afya, wakazungumza mvua, kisha mama akauliza, "Na mchezo wenu je? Mwaka huu wamekupa nafasi?"

"Wamenipa, mama," mdomo wa Mama Wino ulijibu kabla kichwa hakijaulizwa. "Tena ninaimba!"

Mama akajibu bila kuuliza zaidi, "Haya. Tutakuja Jumamosi ya onyesho, mimi na mama zako wadogo wawili. Utuwekee viti vya mbele."

Mama Wino alikata simu, akakaa juu ya bunda la karatasi, akashika tama. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, mwenye wajukuu, amemdanganya mama yake kuhusu maigizo! Alijiapiza kumpigia kesho yake amwambie ukweli. Kesho ikawa keshokutwa. Wiki tatu zikayeyuka hivyo, na kila walipozungumza, ulimi ulikuwa mzito.

Na mazoezi nayo yalikuwa matamu mno, ndiyo yaliyomzidishia maumivu. Mchezo ulikuwa wa harusi. Mama wa bibi harusi anamkataa bwana harusi mpaka dakika ya mwisho, kila saa ana sharti jipya, na mwishowe anakubali kwa wimbo mrefu huku harusi nzima ikicheza. Bibi harusi alikuwa msusi wa saluni ya jirani. Bwana harusi alikuwa mlinzi wa benki. Mama mkwe mwenyewe alikuwa muuza nyama, jibaba la miraba minne, amejifunga kanga kifuani na kilemba kichwani, akikata mauno mpaka rafu zinatikisika. Jamaa mmoja fundi redio alipiga kinanda. Mwalimu alihesabu, "Moja, mbili, tatu, geuka!" na wapita njia walijazana mlangoni wakicheka mpaka wakashikana. Mama Wino alicheka nao, machozi yakimtoka, na akirudi nyumbani moyo unamuuma.

Alhamisi kabla ya onyesho, ukumbi ulipatikana. Walifika mapema wote, roho juu, wanasukumana kama watoto waliofunguliwa shule. Jukwaa lilikuwa pana, mbao zake zimepigwa rangi juzi, na mbele yake viti mia mbili vikiwa wazi. Fundi redio akachomeka kinanda chake, Mwalimu akapanda juu ya kiti, wakaanza na wimbo wa mwisho, ule wa harusi nzima.

Walikuja kwa mstari, mabega yakipanda na kushuka, safi kabisa. Walipofika katikati ya jukwaa, mambo yakaharibika. Muuza nyama alipinda kushoto. Bwana harusi alipinda kulia, kisha wote wawili wakarudi katikati mapema mno, wakavaana. Msusi aliunyosha mkono kushika kitu, akashika hewa, akakaa chini kwa kishindo.

"Rudieni!" alipiga kelele Mwalimu.

Wakarudia, na msusi akakaa chini tena. Mara ya tatu bwana harusi aliangukia kinanda, kikatoa mlio ambao fundi redio hajausamehe mpaka leo.

"Nini hiki?" Mwalimu alitoa macho. "Miezi mitatu mnacheza vizuri! Leo mmerogwa?"

Kila mmoja alimlaumu mwenzake, na sauti zilikuwa zimeanza kupanda. Kwenye kiti chake pembeni, Mama Wino alikuwa ameacha kutazama kitabu. Alikuwa akitazama miguu yao. Miezi mitatu aliitazama miguu hiyo kwa wivu, anaijua kuliko wenyewe. Akainuka ghafla, kitabu kikaanguka.

"Mwalimu! Mashine!"

"Mashine gani?"

"Mashine ya baba! Wanaizunguka, na hapa haipo!"

Halafu msusi, bado amekaa chini, akaanza kucheka, na wote wakafuata. Ilikuwa kweli tupu. Mwalimu alikuwa amechora hatua zote kwenye daftari la miraba, kwa rula, lakini mashine hakuichora hata siku moja, na hakuna aliyewahi kuambiwa aizunguke. Wao walikuwa wakikwepa chuma tu, jioni baada ya jioni, hadi kukwepa kukageuka uchezaji. Msusi alizoea kushika mpini wa gurudumu kila anapogeuka, wala hakujua kwamba anaushika.

Zilibaki siku mbili, na miguu ya watu sita haifundishwi upya kwa siku mbili. Walijaribu kuweka kiti. Muuza nyama hakukiona chini ya tumbo lake, akapiga mweleka. Walijaribu meza, lakini meza haina mpini, na msusi akaenda tena chini, safari hii na kitambaa cha meza.

Uvumilivu ulimwisha Mama Wino. Kazi ovyo ilimkera tangu utoto. Akapanda jukwaani, akawasukuma.

"Sogeeni! Hamjui vipimo ninyi! Mgongo wa mashine uko hapa." Akasimama wima kama mlingoti. "Na mpini wa gurudumu uko hapa." Akanyosha mkono wa kulia.

Fundi redio hakungoja kuambiwa, akapiga kinanda. Wakaja kwa mstari, wakafika katikati, wakampita kushoto na kulia kama maji. Msusi akaudaka mkono wa Mama Wino, akazunguka, akauachia sawasawa na pigo. Wimbo ukaisha bila kosa moja, wakajipigia makofi wenyewe.

Mama Wino alitaka kushuka.

"Usitoke hapo," Mwalimu alimwambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi. Wewe ni nguzo ya turubai la harusi. Tutakuvika maua ya karatasi, na karatasi unazo."

Moyo wa Mama Wino uliruka. Jukwaani! Mbele ya watu! Kisha akakumbuka alichomwambia mama yake, akauliza kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, "Na nitaimba wapi, Mwalimu?"

"Nguzo haiimbi, Mama Wino."

"Mstari mmoja."

"Hata nusu. Watu watauliza nguzo imepata wapi sauti."

Akameza mate, akakubali. Nusu ya uongo wake ilikuwa imegeuka kweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomkosesha usingizi siku mbili.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa pomoni. Waliokosa viti walisimama ukutani. Mama Wino alisimama katikati ya jukwaa, maua ya karatasi kuanzia miguuni mpaka shingoni, uso tu ndio unaonekana, na pua inamwasha. Mstari wa mbele alimwona mama yake na mama wadogo wawili. Mama yake alikuwa amevaa miwani, hacheki sana, macho yanahama kutoka kwa mwigizaji huyu kwenda kwa yule. Ananitafuta kwa waimbaji, Mama Wino aliwaza, na aibu ikamchoma mpaka masikioni.

Mchezo ulikwenda vizuri ajabu. Watu walivunjika mbavu. Ukafika wimbo wa mwisho, mama mkwe anasogea mbele kukubali harusi. Muuza nyama alipanua kifua, akaimba mstari wa kwanza, na mstari wa pili ukamtoroka.

Aligeuza uso pembeni, nyuma ya pazia, ambako kwa miezi mitatu msaada ulitoka. Kiti kilikuwa kitupu. Katika kikundi kizima, Mwalimu na hesabu zake zote, hakuna aliyejiuliza nani atashika kitabu ikiwa mshika kitabu amekuwa nguzo! Kinanda kikazunguka mara moja, kikirudia pigo lile lile la kumngojea. Kikazunguka mara ya pili. Muuza nyama akamgeukia Mama Wino na macho ya mbuzi aliyekiona kisu.

Mama Wino alinong'ona. Kwa kelele za kinanda, muuza nyama hakusikia. Akanong'ona kwa nguvu zaidi. Wapi! Jasho lilikuwa limeanza kumtiririka yule bwana chini ya kilemba, na watu wa nyuma wamekwisha anza kuguna.

Basi Mama Wino akafumba macho, akaimba.

Sauti ilitoka yote, ile ya bafuni, ikapiga ukuta wa nyuma na kurudi. Ukumbi ulipigwa na butwaa: nguzo ya turubai inamwimbia mama mkwe! Halafu kicheko kililipuka, watu wanapiga viti, wanapiga mapaja. Muuza nyama, roho imemrudi, akajishika kiuno.

"Jamani," akasema, "masharti yangu yamezidi, mpaka nguzo imenichoka!"

Mama Wino aliuimba wimbo wote, beti nne, za mama mkwe na za majibu, bila kuinua mguu hata mmoja. Harusi nzima ikamzunguka, msusi akidaka mkono wake na kuuachia. Pembeni, Mwalimu alikuwa amesahau kuhesabu. Ulipoisha, watu walisimama, na waliokuwa ukutani wakapiga miluzi. Mama Wino hakuinama kupokea makofi kama alivyozoea bafuni, kwa sababu maua hayakumruhusu. Alilia tu, wazi wazi, akiwa amesimama.

Alishuka na maua yake mwilini, akapenya katikati ya watu waliotaka kumshika mkono, mpaka mstari wa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jifute jasho hilo, utaumwa."

"Mama, kuna neno. Ile Jumapili nilikudanganya. Sikuwa nimepewa nafasi yoyote. Haya ya leo yametokea tu."

"Najua."

"Umeambiwa na nani?"

"Niambiwe na nani? Wewe ukisema uongo unazungumza haraka haraka, tangu una miaka minne. Nilijua palepale kwenye simu."

"Sasa mbona mmekuja, mama? Safari yote hiyo, na magoti yako hayo?"

Mama yake aliinua mkoba kutoka kwenye kiti kilichokuwa kati yake na mama mdogo mmoja. Kiti hicho kilikuwa kitupu mchezo mzima, watu wamesimama ukutani.

"Nilijua utakuja kukaa hapa chini kuwatazama wenzako," alisema. "Nikaona usikae peke yako. Watu wameniomba hiki kiti, hata sikumbuki mara ngapi, nikawaambia ni cha mwanangu, anakuja."

Mama Wino aliketi, maua ya karatasi yakapondeka yote, na mama yake akaanza kumchomoa waya wa maua shingoni, mmoja mmoja, akimwambia atulie.