Karatasi ya Sigara Ndani ya Amplifaya

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka hadi harufu yake. Nilikuwa mgeni hapa Brussels, nimetoka Bukavu, najifunza ufundi kwa Papa Deo, fundi wa redio mwenye kaduka kadogo kwenye barabara ya Chaussée de Wavre. Nilijiona fundi kamili, nakiri.

Maman Furaha alituletea amplifaya ya marehemu mumewe, ya zamani, yenye zile taa za kioo zinazokuza sauti.

"Tengeneza muzuri, mutoto yangu," aliniambia. "Sauti ya bwana yangu iko mu kaseti. Nataka niisikie mu mashini yake mwenyewe."

Transfoma zake hazitengenezwi tena. Zikiungua, basi.

Papa Deo alikuwa ametoka kidogo. Nikakuta fyuzi imekatika, nikaweka mpya, ikakatika. Nyingine, vilevile. Nikakasirika, nikafanya tulivyozoea kufanya nyumbani: nikaizungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, umeme upite tu, nikawasha. Taa moja ikawa nyekundu mwili mzima. Moshi ukatoka, kisha kimya. Nikachomoa waya ukutani, nikanyoosha mkono ndani.

"Wacha!" Papa Deo alikuwa amerudi. Alinikamata mkono, akaweka mita mahali nilipotaka kugusa. "Ona."

Volti zaidi ya mia tatu, na waya uko sakafuni! Kapasita zilikuwa bado zimeshika umeme. Halafu namba zikaanza kushuka taratibu, mia mbili, mia, hamsini. Papa Deo akanionyesha rezista nene iliyolala kando ya kapasita: kazi yake ni kuumwaga umeme uliobaki, ili fundi asife. Mtu nisiyemjua, katika kiwanda nisichokiona, alikuwa ameufikiria mkono wangu kabla sijazaliwa. Hata leo nikisimulia nasisimkwa.

"Bon. Nionyeshe sasa kile kiliungua."

Nikamwonyesha rezista ndogo chini ya ile taa, imekuwa nyeusi. Machozi yalinitoka, maana nilijua nimeua mali ya mjane.

"Hapana," akasema. "Iyo iliwekwa pale ili ikufe ya kwanza, transfo ibakie. Fusible, iyo fyuzi, ilikukatalia mara mbili, weye ukaifunga kinywa. Alors, iyo kadogo ikabakia peke yake kuilinda."

Tukazipima transfoma. Zilikuwa nzima. Tulibadilisha ile taa mbovu, iliyokuwa ikikata fyuzi, na ile rezista, na Jumamosi Maman Furaha akaketi kwenye kiti cha duka letu, akamsikia mumewe akimwita kwa jina na kumcheka kwamba amechelewa tena. Mimi nilitoka nje.

Basi wewe unayefungua mashine za watu, usiguse kitu kabla hujajua ni vitu vipi vilivyowekwa kulinda. Hivyo havitoi sauti, na wajinga huviona vya ziada. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu, kisha weka ya kipimo kilekile. Chomoa, subiri, pima, hata kama rezista ya kumwaga ipo, kwa sababu nayo huzeeka. Na mtu wa kwenu akikukatalia jambo mara mbili, keti umsikilize, kwani pengine anaungua kwa ajili yako nawe huoni.

Mungu aibariki mikono yako, akuwezeshe kuirudisha nyumbani mizima kila jioni.