Msiba Uliosubiri Mtihani

Kwao msichana yule, jangwani, skuli iliishia madarasa ya chini. Wavulana waliotaka kuendelea walikwenda kulala na kusoma dakhalia za mbali. Wasichana wengi walibaki nyumbani. Baba yake, mlinzi katika ofisi ya mume wangu, hakutaka binti yake abaki. Alikuja kwetu mjini, Khuwair ya Kusini, akakaa ukingoni mwa kochi, akaniambia, "Mwalimu, nakuomba umchukue. Asome hapo unaposomesha."

Nikamchukua. Alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu, mkimya. Watu wa kwao wana lugha yao ya zamani, si Kiarabu, na wenzake darasani walimcheka lafudhi kila alipofungua mdomo. Akaacha kunyoosha mkono. Nilikuwa namwona anajua jibu na analimeza.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, alikaa naye jikoni. "Sema iliki. Sema mbaazi." Haukupita muda wakawa wananisengenya kwa Kiswahili mbele ya macho yangu. Siku moja mama akaniambia, "Mtoto huyu si bubu. Nyinyi ndio hamumsikilizi."

Aliyemlea ni bibi yake, mama wa baba. Bibi hakujua kusoma wala Kiarabu. Kila Ijumaa alipelekwa mpaka penye mtandao, akamrekodia mjukuu wake maneno kwa simu. Msichana alijifunika shela kichwani, akasikiliza, akarudia tena. Nilimuuliza bibi anasema nini.

"Ananitajia mbuzi waliozaa," alisema akicheka. "Na anataka kujua kama nimeshamaliza kusoma."

Mwaka wa pili, mitihani ilipokaribia, sauti zikakatika. Baba alisema mnara wa simu umeharibika, sote tukaamini. Siku ya karatasi ya mwisho, tuliporudi skuli, tulimkuta langoni kwetu. Msichana alipoingia ndani kuvua viatu, baba akaninong'oneza, "Mama yangu amefariki. Tumeshamzika. Mwenyewe aliusia mtoto asiambiwe mpaka amalize."

Alimwambia sebuleni, kwa lugha yao. Msichana hakupiga kelele. Aliuliza neno moja, na baba akainamisha kichwa. Sikuhitaji kufasiriwa; aliuliza lini.

Waliondoka alasiri ile ile. Mama yangu alimkumbatia mlangoni, hataki kumwachia. "Utarudi, mwanangu?"

"Sijui, bibi," alijibu kwa Kiswahili.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amewapita wengi waliomcheka. Nilimpigia simu kumpongeza, akashukuru kwa sauti kavu. Skuli zikafunguliwa, hakuja. Nikapiga tena.

"Mbona huji? Umebakisha mwaka mmoja tu."

"Mwalimu, nikiwa huko, akifa mwengine, nani ataniambia?"

Nikamwambia mimi nitamwambia. "Na wewe ulidanganywa," alisema, bila hasira.

Hajarudi. Watu wanaotoka huko wananieleza kuwa anawasomesha wadogo zake, na wanadhani habari hiyo itanifariji. Lakini mimi nakumbuka jioni moja tulipokuwa tunatoka sokoni Mawaleh, amepakata tikiti maji kubwa ndani ya gari, akaniambia anataka kuwa mhandisi, awachimbie watu wa kwao visima. Mama aliyekaa mbele akageuka kumtazama. "Basi ukichimba cha kwanza," alimwambia, "nnataka maji yake ninywe mimi."