Mundu Uliotazama Mkia

Kipkemei alizaliwa katika nyumba za reli mjini Nakuru, ambako baba yake alikuwa fundi wa injini za gari la moshi. Alizitambua injini kwa milio yake kabla hajajua kumtofautisha mtamba na maksai. Alipokuwa kijana alikwenda Kampala kusomea uchoraji na uchongaji. Na alipohitimu, badala ya kurudi nyumbani, akaomba kubaki mwaka mmoja zaidi ajifunze kuifundisha sanaa hiyo.

"Miaka yote hiyo umesomea kuchora," baba yake alimwambia, "na huu wa sasa ni wa kufundisha kuchora. Mwakani utasomea nini, kufuta?"

Mwaka huo, nao ulikuwa 1957, ulikuwa unakaribia kwisha. Kipkemei alikuwa amepelekwa kufanya mazoezi katika shule moja ya kati huko Rongai, na lililobaki lilikuwa somo moja tu, atakalofundisha mbele ya mtahini kutoka Kampala. Akifaulu, ataitwa mwalimu. Akishindwa, atarudi kwa baba yake mikono mitupu, na utani ule utageuka kuwa hukumu.

Kipkemei hakutaka watoto wachore matufaha wasiyopata kuyaona. Aliwaambia kila mmoja alete kiazi, akikate katikati, achonge juu yake alama ya ng'ombe wa kwao, kisha akipige chapa kwenye kitambaa cha marekani. Wino aliutengeneza mwenyewe kwa uji mwepesi wa ngano na bluu ya kufulia nguo.

"Chongeni vilevile kama mnavyoiona kwenye paja la kulia la ng'ombe," aliwaagiza.

Siku moja kabla ya mtihani wakafanya majaribio, na vitambaa vikaanikwa kwenye ua wa shule kandokando ya barabara iendayo kwenye josho. Asubuhi ile ile Mzee Kipketer alikuwa anawapeleka ng'ombe wake kuogeshwa. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na neno lake kijijini halikurudishwa. Alisimama mbele ya kitambaa kimoja, akakitazama, akakigonga kwa fimbo.

"Mwalimu! Nani amekupa alama yangu?"

"Ipi, mzee?"

"Mundu huu unaotazama mkia! Nimeambiwa kitambaa ni cha Sally, binti wa Kiplangat. Mimi na Kiplangat tumefikishana barazani kwa chifu kwa sababu ya mtamba mmoja. Leo bintiye anajipigia chapa yangu, tena barabarani, watu wakipita!"

"Kwani mundu wa Kiplangat hutazama wapi?"

Mzee Kipketer akawageukia wachungaji wake. "Mnamsikia? Hata mtoto anyonyaye anajua kwamba mundu wa Kiplangat hutazama kichwa. Lakini msimlaumu. Ng'ombe wa kwao wana magurudumu, na maji wanayanywea stesheni!"

Wachungaji wakacheka hadi wakashikilia fimbo zao. Mzee hakucheka. "Kesho hakuna mtoto atakayeingia darasani mwako mpaka wazee waliamue jambo hili. Nao watakaa Jumamosi."

Maji yalimfika Kipkemei shingoni. Mtahini alikuwa anakuja kesho. Je, angemfundisha nani, madawati? Akamwita Sally, aliyekuwa amejibanza mlangoni huku machozi yakimlengalenga, akamwomba kiazi chake.

"Mzee, huu uliochongwa hapa ni wa nani?"

"Wa Kiplangat. Unatazama kichwa."

Kipkemei akakipaka kiazi bluu, akakigandamiza kitambaani, akakiinua.

"Ah!" mzee akarudi nyuma hatua moja. "Sasa ni wangu!"

"Chapa hugeuza kila kitu, mzee. Kosa ni langu, wala si la mtoto. Nilipaswa kuwaambia wachonge kinyume."

"Kiazi ni chakula, huenda kikafanya lolote. Chuma hakibadiliki."

"Basi tukilete chuma chako."

Boma la mzee lilikuwa ng'ambo tu ya josho. Alikwenda mwenyewe, akarudi na chuma chake cha kupigia chapa begani, mithili ya askari. Kipkemei akakipindua, uso ukatazama juu. Mundu ule mweusi, uliokwisha kuunguza mapaja ya ng'ombe wengi, ulikuwa unatazama kichwa.

Ndipo Kipkemei akasema kwa adabu, "Mzee wangu, miaka yote hii umekuwa ukiilaza alama ya Kiplangat nyumbani mwako."

Mzee Kipketer akakodoa macho. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, akalazimika kuuegemea ua. "Kiplangat asisikie!" alisema akijifuta macho. "Atakuja kukidai!"

Siku ya pili darasa lilijaa. Mtahini, Bi. Halden, alipoingia alimkuta Mzee Kipketer ameketi dawati la nyuma, chuma kimelala magotini.

"Yule ni nani?" alinong'ona.

"Ni kifaa cha kufundishia, bibi, pamoja na mwenyewe."

Kipkemei alianza kwa kosa la jana na chuma kile. Mzee akakipiga chapa kitambaani kwa bluu, akawaonyesha watoto uso wa chuma, akawauliza kwa ukali kama aliye mwalimu mkuu ni kwa nini havifanani. Sally ndiye aliyejibu. Kisha akachonga kiazi kipya, mundu ukatoka kitambaani ukitazama kichwa sawasawa, na mzee akawa wa kwanza kupiga makofi.

"Kosa la jana ungeweza kulificha," Bi. Halden alimwambia Kipkemei baadaye. "Kwa nini umelifanya kuwa somo?"

"Lilikuwa limekwisha kuanikwa uani, bibi."

Akacheka, akamwambia kwamba amefaulu.

Mzee Kipketer alipokuwa anaondoka aliomba kile kitambaa cha Sally kilichoharibika. "Kina alama yangu," alisema, "ni changu kwa haki." Akakitandika juu ya kiti chake cha wageni. Jioni ile akapeleka kibuyu cha maziwa mala yaliyoganda nyumbani kwa Kiplangat, kwa ajili ya binti fundi.

Naye Kipkemei alipofika Nakuru, baba yake alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu:

"Na huyo mzee, amepata cheti?"