Sakafu Chini ya Kiti cha Bwana Pumzi

Miaka thelathini na moja nimefuta sakafu chini ya kiti kimoja. Mume wangu ni mpiga tarumbeta, na tarumbeta, kama hujui, hukusanya maji ya pumzi ya mpigaji, na maji yale lazima yamwagwe. Wenzake humwagia nje. Wangu alimwagia sebuleni, palepale, huku ananitazama.

"Baba watoto, uwanja wote ule huuoni?"

"Nikinyanyuka pumzi inapotea."

Haya, nikafuta.

Alianza kwenye bendi ya polisi, kijana mwembamba, sare inampwaya. Ndiye aliyepewa kupiga peke yake ule wimbo wa taratibu wa kufungia maonyesho. Baadaye wakamkabidhi bendi nzima aiongoze, na alipoacha upolisi akaenda kufundisha chuo cha muziki. Huko wanafunzi wakambandika jina, Bwana Pumzi, maana ndilo neno alilolipigia kelele kutwa. Mwanafunzi mpya hakugusa ala mwezi mzima. Kuimba tu! "Kama huwezi kuuimba, utaupulizaje?" Kila mtu, hata wapiga ngoma, ilibidi aimbe kila wimbo wa bendi, ukiwemo ule wa kufungia aliokuwa akiupiga peke yake. Wazazi walilalamika mpaka wakachoka.

Wiki tatu kabla ya onyesho la kumuaga pale chuoni, aling'olewa jino la mbele la juu, lile lile ambalo tarumbeta huliegemea. Akawekewa la bandia. Nikawa namsikia chumbani akijaribu: fyuu, hewa tupu, halafu mlio kama wa mbuzi. Roho iliniuma.

"Ule wimbo wa kufungia mpe mwanafunzi wako mmoja aupige," nikamwambia. "Utaumbuka mbele za watu."

"Wimbo wangu nimpe mtu? We mwanamke, una wazimu?"

Siku tatu hatukusemeshana.

Ukumbini nilikaa mstari wa mbele. Wimbo ukafika, bendi ya chuo ikanyamaza kumpisha, naye akainua tarumbeta. Noti ya kwanza ilitoka. Ya pili ikapasuka. Ya tatu ilikuwa hewa. Akajaribu tena, hewa. Mtu nyuma yangu akacheka, nusura nigeuke nimzabe kofi.

Ndipo msichana wa klarineti alipoweka ala yake magotini akaanza kuimba, bila maneno, laa laa, palepale alipokwama mwalimu wake. Wa tromboni wakadakia. Wapiga ngoma nao. Bendi nzima ikauimba wimbo ule, na hakuna hata mmoja aliyebabaika.

Mume wangu akageuka, amekunja uso. Nikasema moyoni, sasa atawafokea. Akashusha tarumbeta, akasikiliza kidogo, kisha mkono ukapanda wenyewe: safu ya nyuma, juu zaidi! Akawaongoza hadi mwisho. Nililia kama mtoto, wala sioni haya kusema.

Tuliporudi nyumbani aliketi kwenye kiti chake.

"Safu ya nyuma waliimba chini," akasema.

"Niliwasikia."

"Pumzi hiyo."

Tarumbeta aliiweka juu ya kabati, na haijashuka tangu siku ile. Kila asubuhi nachukua tambara langu, nainama chini ya kiti. Pakavu kabisa. Nafuta hivyo hivyo, naye ananyanyua miguu.