Pasi Ndani ya Sanduku la Tarumbeta

Nilifungua sanduku la tarumbeta mbele ya wanafunzi wenzangu wote, nikakuta pasi.

Pasi ya umeme, ile ile ya nyumbani kwangu, imeviringishiwa taulo la bafuni, na waya wake umefungwa fundo safi kana kwamba inasafiri.

Tarumbeta langu halikuwamo.

Fundi magari, ambaye huketi kulia kwangu katika darasa letu la watu wazima wanaoanza muziki, alichungulia akapiga mluzi.

"Bibi, leo tunapiga muziki au tunapiga pasi?"

Darasa likaangua kicheko. Watu wenye mvi na vitambi vyao walicheka hadi mmoja akadondosha filimbi.

Mimi sikucheka. Nilimjua aliyeifunga pasi ile, kwa kuwa nyumbani mwetu hakuna mwingine afungaye waya kwa fundo la namna hiyo.

Nilijua pia kwamba nikitoka pale nilikuwa ninakwenda kuambiwa kama jicho langu litapasuliwa au la.

Nina presha ya macho. Jicho la kushoto lilinitupa mkono kabla sijajua kuwa ninaumwa. Ninaona nalo kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. La kulia ndilo linalonitembeza.

Kwa muda mrefu dawa ya matone ililishika vizuri hilo la kulia. Kisha, ghafla, presha yake ikaanza kupanda. Daktari akabadilisha dawa. Ikabaki juu. Akaongeza nyingine. Ikabaki pale pale.

"Bibi," aliniambia mara ya mwisho, "ukija tena nikaikuta hapa ilipo, sitakuwa na njia ila kisu."

Dada yangu mkubwa alipelekwa kwenye kisu hicho akiwa amechelewa. Hakuiona nuru tena.

Sasa mnaelewa nilikuwa katika hali gani nilipoikuta pasi.

Na tarumbeta je, lilitoka wapi? Lilitokana na woga huo huo.

Nimeishi kwa kusoma. Jicho la kushoto liliponitupa mkono, nikakubali moyoni kwamba huenda siku moja nikakaa gizani, nilijiuliza: vitabu vikishanifungia mlango, mikono yangu itashika nini? Nikaenda duka la vyombo vya muziki, nikiwa na mke wa mwanangu, tunayemwita Mama Pacha. Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Nyumbani tunabaki mimi, mkewe na wale pacha wao wadogo.

Muuzaji alikuwa mtu mpole. Hakujua nilichokuwa nikikifanya. Kila chombo alichonipa nilikijaribu nikiwa nimefumba macho.

Kinanda kilinishinda, vidole vilipotea kama mgeni sokoni. Gitaa lilinikata ncha za vidole, na kila nilipotaka kubadili mkao wa mkono nilijikuta nimefumbua macho kulitazama.

"Mama, chukua gitaa," Mama Pacha alisema. "Vidole vitazoea."

"Nataka kulijaribu lile la shaba."

"Tarumbeta? Mama, lile linataka nguvu."

"Unaogopa majirani watasemaje?"

"Siogopi majirani. Ninaogopa nguvu."

"Basi waachie wenye masikio wachague."

Akasogea, akasimama nyuma yangu.

Tarumbeta lina vifungo vitatu tu. Nilivikuta gizani mwa macho yangu bila kutafuta, kimoja kwa kila kidole. Nikavuta pumzi, nikapuliza. Likalia kama ndama aliyekanyagwa.

"Una pumzi, Bibi," muuzaji akasema.

Maneno hayo yalinimaliza. Nikanunua.

Nikajiunga na darasa lililo katika jengo linalopakana na kliniki ya macho. Siku za kupimwa nilikuwa nikitoka darasani moja kwa moja hadi kliniki, na kwa kuwa foleni ya kliniki haiishi, nilisimama nyuma ya tangi la maji nikafanya mazoezi hadi muuguzi aniite. Niliona ni busara. Muda haupotei bure.

Nyumbani nilipuliza kila jioni, na Mama Pacha aliketi mbele yangu akichambua mboga, akinitazama. Hakuwahi kusifu. Mara nyingine aliinuka katikati ya wimbo akaenda jikoni bila kusema neno. Nikahitimisha kwamba anaona haya kuwa na mama mkwe anayepuliza baragumu uzeeni.

Kwa hiyo siku ile ya pasi sikuwa na maswali. Nilikuwa na hukumu.

Nilimkuta kwenye lango la kliniki, mahali tunapokutana siku zote. Alikuwa amekumbatia mfuko wa turubai.

"Tarumbeta langu liko wapi?"

"Shikamoo, Mama."

"Nimekuuliza."

"Lipo."

"Umeliuza?"

"Mama! Kuuza tena?"

"Unanifedhehesha mbele za watu, siku ambayo ninapelekwa kukatwa jicho, kwa sababu sauti yangu inakukera?"

Mlinzi wa lango akageuza uso, akajifanya anahesabu magari.

Mama Pacha aliukumbatia mfuko kwa nguvu zaidi. Hakurudi nyuma.

"Mama, nitukane ukipenda. Ila uingie kwanza kwa daktari. Tukitoka nitajibu yote."

"Tukitoka, utafungasha virago."

Nililisema hilo. Alilisikia. Akanishika mkono kunivusha ngazi, kama kawaida yake.

Tuliketi kwenye benchi. Sikuwa na la kufanya kwa mikono yangu, nikaikunja mapajani. Watu waliitwa, wakaingia, wakatoka na bandeji. Kila mlango ulipofunguliwa nilimwona dada yangu akipapasa ukuta.

Hatimaye muuguzi akaniita.

Daktari wa macho ni mwanamke kijana, mwepesi wa mikono. Alinitia matone ya ganzi, akaniambia niegemeze kidevu kwenye kifaa, akasogeza ile taa ya bluu.

Akapima.

Akapima tena. Akafuta kifaa, akapima mara nyingine. Nikasikia kiti chake kikirudi nyuma.

"Sema tu, binti yangu," nikamwambia. "Nimejiandaa."

"Bibi, umetumia dawa gani?"

"Ulizonipa."

"Hujaongeza kitu? Majani, vidonge vya jirani?"

"La."

"Maana presha imeshuka. Imeshuka sana. Sielewi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama Pacha, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishusha pumzi kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akasogea mbele, akafungua mfuko wake wa turubai, akaliweka tarumbeta langu juu ya meza ya daktari.

"Daktari, naomba umpime tena. Lakini kwanza apulize hili."

Daktari alilitazama tarumbeta. Akanitazama mimi.

"Bibi, wewe unapuliza tarumbeta?"

"Ninajifunza."

"Si nilikuuliza kama unafanya kazi nzito? Kama unanyanyua mizigo?"

"Muziki si mzigo."

"Unapuliza lini?"

Mama Pacha alijibu kabla yangu. "Kila jioni. Na siku za kupimwa anapuliza hapo nje, nyuma ya tangi, hadi aitwe. Leo ndiyo siku ya kwanza ameingia humu bila kupuliza."

Daktari akafunua faili langu, akapitisha kidole kwenye vipimo vya nyuma.

"Simama, Bibi," daktari akasema. "Puliza kama unavyopuliza siku zote. Mara moja tu, na nikikwambia acha, uache."

Nikapuliza. Nilikwenda hadi ile noti ya juu ambayo mwalimu wangu hunisifia, nikaishikilia. Huko nje mgonjwa mmoja akauliza kwa sauti kama jengo linaungua.

"Acha! Kidevu hapa. Haraka."

Akapima.

Safari hii sikuhitaji kuambiwa. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno.

Presha ilikuwa imerudi pale pale pa kisu.

Tulisubiri, sote watatu. Akapima tena. Ilikuwa imekwisha kuanza kuteremka.

"Ukikaza kifua kupuliza," akaeleza, "damu inakawia kushuka kutoka kichwani, na presha ya jicho inapanda pamoja nayo. Kwa watu wengi haina neno. Kwa jicho kama lako, kila jioni, siwezi kukubali."

"Na kisu?"

"Kisu kisubiri. Utaendelea na matone, utakuja nikupime mara kwa mara. Ikibaki chini, sina sababu ya kukupasua. Ila hicho chombo, basi."

Tulitoka. Kwenye korido nikaegemea ukuta.

"Ulijuaje?"

"Sikujua, Mama. Niliona tu. Ukipanda kwenye ile noti ya juu, mishipa ya shingo inasimama, macho yanakuwa mekundu. Ukimaliza, unamimina chai pembeni ya kikombe. Nilikuwa nikiinuka kwenda jikoni, maana nilishindwa kutazama."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kwa upole uliouma kuliko kofi.

"Nilikwambia dukani. Nikakwambia tena baada ya shule kufungwa. Ukanijibu kuwa ninakuonea wivu."

Kweli, nilisema hivyo.

"Ungemwambia daktari."

"Ungekana mbele yake, halafu ungepuliza mara mbili zaidi ili kunionyesha."

"Na pasi?"

"Uzito, Mama. Ungebeba sanduku jepesi, ungejua kabla hujafika mlangoni, na leo tusingefika hapa."

Hapo ndipo nilipocheka, kicheko cha machozi, na yeye akacheka, hadi muuguzi akatuambia tusogee tuwapishe wagonjwa.

Nilimwambia asifungashe. Akasema hakuwa na nia hiyo hata kidogo.

Wiki iliyofuata tulirudi dukani. Safari hii Mama Pacha hakusimama nyuma yangu. Muuzaji alimletea kiti, akaketi uso kwa uso nami, akakunja mikono kama mwamuzi. Nikafumba macho, nikapewa kodiani ndogo, kile kinanda cha kuvuta na kubana chenye vitufe pande zote mbili. Nikaivuta, ikajaa upepo. Nikaibana, ikalia. Ilikuwa inapumua yenyewe, na mimi nikabaki na pumzi yangu.

"Vipi?" nikauliza.

"Ni mbaya sana, Mama," akasema. "Yaani sauti yenyewe ni balaa. Lakini shingo imetulia."

Tukaichukua.

Ninyi mnaotaka kuanza chombo cha muziki mkiwa watu wazima, wauzaji watawauliza mnapenda sauti gani. Wajibuni. Mwambieni pia daktari wenu kila mnachokifanya kwa mwili wenu, hata kama hakuwauliza. Kisha, kabla hamjalipa, mketisheni mbele yenu mtu anayewapenda kiasi cha kuthubutu kuwaudhi, mkipige chombo hicho, naye awatazame.

Akisema acha, acheni siku hiyo hiyo.